Kabati limetoka, ubuyu umeingia

Kodi tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo, kama wapangaji wengi wa Dar es Salaam, na kila tarehe ya kulipa inapokaribia ndipo naiangalia nyumba yetu kwa makini. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule, huku Tabata. Safari hii jicho langu lilitua kwenye kabati la vioo. Limesimama ukutani tangu tulipooana, limejaa hotpoti, seti za sahani, glasi za shingo ndefu na chupa za chai ambazo hazijawahi kutiwa chai. Lilikuwa limekula karibu robo ya sebule. Nikasema moyoni: robo hii naitolea kodi, na wapangaji wake ni vyombo, huku mimi, mume wangu na mtoto tunapishana kwa ubavu.

Wakati huo nilikuwa natafuta mtaji. Mshahara wangu unaishia kwenye chakula, ada na nauli, na mkopo wa riba sikuutaka. Vikoba vingeniponza, kwa sababu marejesho hayasubiri biashara ichangamke. Mtaji wangu ulikuwa umesimama pale ukutani, umefungwa kwa ufunguo.

Kuuza haikuwa kazi rahisi, na ugumu wake haukuwa bei. Vyombo vile nilipewa kwenye kicheni pati. Kila hotpoti ina sura ya mtu: hii ya mama mdogo, ile ya jirani wa zamani wa Magomeni, seti ya maua ya bluu ya wenzangu wa kazini wa wakati ule. Wanawake wale walijinyima wakachangishana ili mimi nisianze maisha mikono mitupu. Kuvitoa ni kama kuwarudishia mkono wao. Nililala na jambo hilo muda mrefu kabla sijamwita fundi aje kulikagua kabati.

Mama alipokuja kututembelea, akakuta ukuta mweupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yapo ukutani.

“Mwanangu, mmeibiwa?”

“Hapana mama, nimeuza.”

Alikaa kimya, akavua mtandio taratibu. “Mgeni akija utamwekea nini? Nyumba ni vyombo.”

Nikamwambia sahani za kila siku zipo na zinatosha, na siku ya shughuli watu wa mtaani hapa hukodi vyombo kwa bei ndogo, pamoja na masufuria makubwa na viti. Hakunijibu. Ila alipoingia jikoni akaikuta mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyonipa mwenyewe, imechakaa kwa matumizi, uso wake ukafunguka. Jioni ile alikuna nazi mwenyewe. Nilielewa kwamba hakuwa analilia kabati. Alitaka kujua kama alichonipa kina kazi nyumbani kwangu. Toka hapo hiyo ndiyo hoja yangu mbele ya kila kitu: kina kazi, au kimekaa? Masinia mawili mapana nayo yalibaki, kwa sababu nilishajua nitayafanyia nini.

Lilipokuwa kabati sasa ipo meza, na mezani pale ndipo ninapoanika ubuyu.

Nilichagua ubuyu kwa sababu hauhitaji friji wala duka, na hakuna mtoto wa shule ya Dar asiyeujua. Mibuyu tunayo kwa wingi bara, Dodoma na Singida huko, na ubuyu mkavu unapatikana Kariakoo. Iliki naifuata Kisutu. Napika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mtoto akishalala. Kwanza nachekecha ili vumbi na nyuzi zitoke. Kwa kilo moja naweka sukari nusu kilo na maji vikombe viwili. Sukari ikiyeyuka natia rangi nyekundu, chumvi kidogo, pilipili ya unga na iliki niliyoitwanga mwenyewe. Shira ikianza kunata kwenye mwiko ndipo namwaga ubuyu. Ukiuwahisha, unga wote unabanduka kwenye mbegu, sufuria inabaki na uji mwekundu. Ukiuchelewesha, sukari inaganda mabonge. Kuanzia hapo mkono haupumziki, moto mdogo kabisa, mpaka kila mbegu ivae rangi. Kisha sinia, kisha meza, dirisha wazi, usiku kucha. Asubuhi ukishika punje mbili zisigandane, umepatia.

Kazi hii haiwezekani kwenye nyumba iliyojaa. Sinia mbili pana zinahitaji mahali pa kulala palipo safi, pasipo vumbi la nguo wala mende wa nyuma ya kabati. Ukitaka siku moja kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuomba barua ya utambulisho ili uombe alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, swali la mahali unapotengenezea litakuja tu. Kwa hiyo kupunguza vitu na kuanzisha biashara kwangu limekuwa jambo moja. Watu huyaona mawili.

Tena ubuyu wenyewe haukubali kurundikwa. Joto na unyevu wa Dar, hasa masika kuanzia Machi mpaka Mei, huufanya utoe jasho na kugandana ndani ya pakiti. Napika ninachoweza kuuza ndani ya wiki, nakihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, basi. Rafiki yangu mmoja, nampenda sana, alinishauri nichapishe vifungashio elfu moja vyenye picha na jina kwa sababu bei ya jumla ni nafuu. Nilikataa. Vifungashio elfu moja vya ladha ambayo bado naibadilisha ni kabati jingine. Nanunua vifungashio vitupu vya kutosha mapishi mawili, karatasi za nembo nachapishiwa steshenari ya jirani. Mwanzoni nilikuwa nabana midomo ya pakiti kwa mwali wa mshumaa, kama wauza karanga. Sasa nina mashine ndogo ya umeme ya kubania, na hicho ndicho kifaa pekee nilichonunua kwa faida.

Ila sisemi kila akiba ni mrundikano. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani, kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 madukani, na mahali pengine usiipate kabisa. Mpishi wa ubuyu asiye na sukari amefunga biashara. Kwa hiyo chini ya meza ipo ndoo ya sukari, inajazwa kabla haijaisha, na hiyo siioni kuwa mzigo hata kidogo. Glasi za shingo ndefu zilikuwa mzigo.

Nguo zilinipa somo kubwa kuliko vyombo. Zamani kila mshahara ulipoingia nilipitia Karume kupekua mitumba. Blauzi ya elfu mbili, gauni la elfu tatu, nani ataacha? Urahisi wa mitumba ndio uliojaza masanduku yetu mawili mpaka zipu zikakatika. Hakuna siku niliyotumia pesa nyingi, ndiyo maana sikuwahi kustuka. Nimegawa nyingi kwa wadogo zangu na Karume nimeiweka kando, siendi bila kujua ninachokifuata. Pesa iliyokuwa ikipotelea huko sasa inalipa ubuyu mkavu wa wiki. Chakula cha mchana nabeba kutoka nyumbani, kwenye hotpoti ya mama mdogo, moja kati ya chache zilizobaki. Nilimpigia simu nikamwambia inakwenda kazini kila siku. Alifurahi mno.

Jambo linalonikesha kwa sasa ni pesa yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naandika kila kitu: ubuyu, sukari, gesi, nauli ya Kariakoo, hata kiberiti. Mauzo yangu bado yako mbali na shilingi 4,000,000 kwa mwaka, kiwango ambacho chini yake mfanyabiashara mdogo hatozwi kodi ya mapato, lakini siandiki daftari kwa ajili ya mtu wa kodi. Nalinda mpaka kati ya pesa mbili. Pesa ya ubuyu ina laini yake ya simu, na ya nyumbani ina yake. Mwezi uliopita tairi la pikipiki ya mume wangu lilikwisha, akaniomba nichukue kwenye ubuyu. Nilimpa, ila niliandika kwamba ni deni na akatia sahihi. Alinitazama kana kwamba namchukulia mgeni. Tulizungumza usiku ule mpaka tukaelewana: pesa ile si yangu kumnyima yeye, ni ya ubuyu, hata mimi siigusi kwa saluni. Amelipa nusu. Kwa kweli nampenda zaidi kwa ile nusu kuliko ambavyo ningempenda kwa zawadi.

Nafasi nayo imetubadilisha. Mtoto anachora sakafuni bila kuambiwa ajivute. Usafi wa Jumamosi ulikuwa unakula asubuhi nzima, siku hizi unakwisha kabla chai haijapoa. Wakati ule uliookolewa ndio ninaoutumia kufunga pakiti, za shilingi 500 na za shilingi 1,000, na mume wangu hunisaidia kubandika nembo.

Sasa kuna mwenye duka wa Sinza, mteja aliyeanza na pakiti chache, anataka nimpelekee ndoo nzima kila wiki. Mume wangu anasema nikubali leo leo. Mimi nahesabu: ndoo ile ni usiku mmoja zaidi jikoni, mtungi wa gesi utakaoisha mapema, na sinia ya tatu ambayo meza haina pa kuiweka. Kukodi chumba cha pili kwa sasa sitaki hata kukisikia, maana faida yote itamezwa na kodi. Nimemwomba mwenye duka tuanze na nusu ndoo, alipe mzigo wa kwanza kabla sijaleta wa pili. Napika Ijumaa hii. Akimaliza kuuza kabla ya Jumatano, wiki inayofuata nitampelekea nyingine, na meza ya kukunja ninayoifikiria nitaanza kuuliza bei yake kwa fundi.