Zamu yake haijaisha

Juni ya Mbeya haina utani. Leo asubuhi mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na ukungu mpaka kiunoni, na wanangu watatu wameamka na masweta waliyolalia. Shule zimefungwa, nje baridi inakata masikio, basi sebule imegeuka uwanja.

Saa nne hivi wakapanga viti vya plastiki, stuli ya jikoni, na mbele kabisa ndoo tupu. Hiyo ndiyo injini ya TAZARA. Kifungua mimba wangu yuko darasa la nne na ndiye anayeijua njia, maana alisafiri na baba yake kwenda Dar mwezi wa kumi na mbili. "Abiria wa Chimala! Makambako! Mlimba!" Anawaeleza wadogo zake kuwa reli hii ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kule Zambia, na kwamba kati ya Makambako na Mlimba kuna mahandaki. Utamu wote uko hapo. Likifika handaki, blanketi linavutwa juu ya vichwa, giza linaingia, na kitinda mimba, miaka miwili na nusu, anapiga yowe la raha mpaka kwa jirani.

Nikiwa jikoni na maharage nikasikia ugomvi. Wa kati, ana miaka mitano, anataka kuendesha. Dada yake anakataa, zamu yake haijaisha. Sikutoka hata kuangalia. Nikapaza sauti: "Mwachie mdogo wako, wewe si mkubwa?"

Kimya. Punde akaja jikoni, akachukua ungo wa mchele, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua. Sikumtuma. Vidole vilikuwa vinatenga chenga na vijiwe haraka haraka, kama mtu mzima aliyezoea. Hakulia, hakununa. Angenuna ningejua la kufanya.

Ana miaka tisa tu. Asubuhi amemvisha mdogo wake soksi. Jana alimbeba mgongoni kutoka dukani. Juzi alitoa kipande chake cha parachichi kwa neno langu lile lile, "wewe mkubwa". Mama yangu aliniambia hivyo hivyo kule Tukuyu, wenzangu wakicheza rede nami nina mdogo wangu kwenye mbeleko. Niliingia kucheza naye mgongoni. Nilijifunza kukwepa mpira bila kumwamsha.

Nikauchukua ule ungo.

"Mama, sijamaliza."

"Nitamalizia mimi. Rudi kwenye treni yako."

Akanitazama, kama anangoja niongeze neno. Nikatoka naye, nikamwambia mdogo mtu kuwa dada bado anaendesha. Akajitupa sakafuni, akalia kweli kweli. Nikamwacha alie, na alipotulia nikamwomba anikatie tiketi. Nauli ilikuwa punje mbili za maharage. Nikakaa nyuma kabisa, kitinda mimba mapajani.

"Mama, inama, handaki!"

Chini ya blanketi kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya mgando. Mwanangu mkubwa akacheka, kile kicheko chembamba cha kukwama kwama, alichokuwa nacho kabla hajawa dada wa mtu. Nilikuwa nimekisahau.

Tukapita mahandaki mengine sita. Maharage yakashika chini, tukayala hivyo hivyo.