Kiruta cha ghalani

Aprili 2018, Chake Chake, mvua za masika zimeshika. Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Kufika saa mbili asubuhi, ofisi nzima ina taa na haina intaneti.

"Sabalkheri mwanangu," alinipokea mama wa masjala, mimi fundi wa mtandao. "Waya zimo, alama ya mtandao ipo, lakini hapana kinachofunguka."

"Sabalkheri mama. Hebu tuitazame anwani yako kwanza."

Kompyuta yake ilikuwa na 192.168.1.37. Mtandao wa ofisi ile ulikuwa 192.168.10.0, ruta, yaani kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, ikiwa .1, na anwani za kugawiwa mashine zikianzia .100 hadi .199. Mashine ya Windows ikikosa kabisa seva ya DHCP, ile inayozigawia mashine anwani, hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Hii haikukosa. Ilipewa, na aliyeipa siye mwenye kazi hiyo, yaani ruta ya ofisi.

DHCP huenda kwa hatua nne: mashine hupiga mbiu kuuliza nani anagawa anwani, seva hujibu kwa kutoa moja, mashine huiomba hiyo, seva huithibitisha. Mbiu humfikia kila aliye kwenye VLAN ile, yaani kipande kile cha mtandao, na kwa kawaida mashine hushika jibu linalotangulia. Ruta ya ofisi ilichukua dakika nne kuamka. Kwa hiyo mtu alikuwa amechomeka kiruta cha nyumbani kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mashine, cha kuamka haraka, nacho kikawahi kugawa. Siku nyingine zote ruta kubwa ilikuwa macho na mashine zilishakuwa na anwani zake, ndiyo maana hakuna aliyekiona.

Kukitafuta kulikuwa na kazi yake, kwani swichi zote sita nazo ziliachwa zijitafutie anwani tangu zilipofungwa. Zilipowaka zikapokea za kiruta kile kile, na karatasi ya anwani iliyobandikwa ndani ya kabati haikufaa tena. Nikaingia swichi kuu kwa kebo ya konsoli, ambayo huchomekwa kwenye swichi yenyewe na haihitaji anwani. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde skrini ilitoa herufi zisizosomeka. Kwa 115200 ikaniuliza jina na nywila.

Kutoka hapo ni kufuata nyayo. Kwenye kompyuta ya masjala, amri ya arp -a ilinipa MAC, namba ya kiwandani ya kifaa, ya hicho kilichojifanya lango la kutokea intaneti. Jedwali la MAC la swichi kuu likasema iko poti 24, lakini poti hiyo ilikuwa na MAC nyingi pamoja, maana yake ni kebo iendayo swichi nyingine. Nikapanda swichi ya tatu, ghorofani. Huko MAC ilikaa poti 17, na pembeni yake mbili tatu za simu. Kebo ya poti 17 iliishia ghalani, nyuma ya makasha ya karatasi, ambako Wi-Fi ya ofisi haifiki. Aliyekiweka alikuwa na haja ya kweli.

Kukichomoa hakukutosha. Anwani hizi hutolewa kwa muda. Mashine huanza kuomba nyongeza nusu ya muda huo inapofika, tena kwa seva ile ile iliyoipa. Isipojibiwa, hungoja asilimia 87.5 ndipo ipige mbiu kwa wote. Kwa muda wa saa 24, ni kungoja hadi saa ya 21. Tulipita kila meza na ipconfig /release ya kuachia anwani, kisha /renew ya kuomba mpya.

Swichi nilizipa anwani za mkono, .2 hadi .7, nje ya zile za kugawiwa. Wapo mafundi wanaopenda kuzihifadhi kwa MAC ndani ya seva, nayo ni njia nzuri kwa printa. Kwa swichi siikubali: saa unayoihitaji zaidi ndiyo saa ambayo seva imelala.

Halafu nikawasha kwenye swichi kinga ya DHCP snupingi, inayochuja majibu ya seva za anwani. Poti zote huwa haziaminiki, majibu ya seva yakitokea humo yanatupwa. Unaziamini tu zile zinazoelekea kwenye seva halali. Kwenye swichi kuu ni poti ya ruta, na kwenye kila swichi nyingine ni kebo ya kuelekea swichi kuu. Ukisahau hiyo ya pili, ghorofa nzima hukosa anwani. Pia baadhi ya swichi hupachika chaguo namba 82, maelezo ya poti ombi lilikotokea, kwenye maombi, na zipo seva zinazoyakataa. Hapa ilibidi nilizime.

Adhuhuri, baada ya sala, nilikirudisha kiruta poti 17 kama kilivyokuwa, nikazima umeme kwenye swichi ya ukutani na kuuwasha tena. Kiruta kikatangulia kuwaka. Kompyuta ya masjala ikakaa na 169.254 kama dakika tatu, mama amenikodolea macho, kisha ikaandika 192.168.10.104. Kwenye swichi ya tatu, hesabu ya pakiti zilizotupwa ilikuwa imefika 31.

Kiruta nilikizimia ugawaji wa anwani, nikakipa .8, kebo ikiwa kwenye poti ya LAN (ya mtandao wa ndani) na si ya WAN (ya kuelekea nje), kikabaki ghalani kutoa Wi-Fi.