Kalenda ya saluni ilivyonirudisha darasani

Nilikuwa namnyoa mzee mmoja wa Kipemba hapa Tanga, redio ikieleza maandalizi ya sherehe za Uhuru. Nikajitia ujuzi: "Tanzania imetoka mbali, tangu tulipopata uhuru 1961." Mzee akanishika mkono, mashine bado inanguruma.

"Mwanangu, Tanzania haijapata kutawaliwa na mtu."

Nikageukia benchi kutafuta mtetezi. Kimya. Historia kidato cha nne nilipata C, ya kukariri, na ilishayeyuka zamani.

Jioni, wakati nafagia nywele, nikaiona kalenda ukutani, zile tarehe zake nyekundu. Nikajiwekea utaratibu: kila sikukuu ya kitaifa, kabla haijafika, niwe najua imetoka wapi. Moja tu kwa wakati wake. Mtoto wa dada akaniazima vitabu vyake vya shule. Yaliyobaki nikawauliza wazee wakiwa kitini, maana mtu aliyenyolewa nusu hana pa kukimbilia.

Iliyonitoa jasho ni 12 Januari. Miaka yote nilidhani Mapinduzi ya 1964 yaliwang'oa Waingereza. Kumbe Zanzibar ilishapewa uhuru 10 Desemba 1963, Sultani akiwa mkuu wa nchi, na serikali hiyo ndiyo iliyopinduliwa mwezi mmoja baadaye. Tarehe 10 Desemba kwenye kalenda yangu ni nyeusi tu, kama siku ya kupeleka taulo kufuliwa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ukafuata 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo. Basi mzee alikuwa na haki yake: mwaka 1961 iliyojitawala ni Tanganyika.

Saba Saba haikunisumbua. Wengi wanajua maonyesho. Mimi nikaongeza kwamba TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa 7 Julai 1954.

Ila 9 Desemba ndiyo imenilipa. Namuuliza mteja, kwa dau la soda: siku ile ya uhuru, 1961, mkuu wa nchi alikuwa nani? Wote husema Nyerere. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Jamhuri ilikuja 9 Desemba 1962, ndipo Mwalimu akawa Rais.

Nimeshakunywa soda nne. Mzee aliporudi nikampigia shikamoo, nikamfunga shuka, nikamtega na yeye. Hata macho hakufumbua.

"Malkia," akasema. "Na hiyo mashine yako inaunguza."