Pete ya laki tano na nusu, na vidole vya Novemba

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, mshahara ukishapita kwenye bima, pensheni na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo mkononi inabaki laki sita na ushee, kwa hiyo ukiniona naandika habari za pete ya dhahabu usidhani nimeokota. Naandika kwa sababu kuna vijana wawili kazini wiki nzima wananiuliza "kaka ile pete ya shemeji ilikugharimu ngapi" na nimechoka kurudia.

Laki tano hamsini na sita elfu. Haya. Ila mpaka nifike hapo nilishapigwa mara moja, nikazeeka kidogo, na nikajua vitu ambavyo nilitakiwa nivijue kabla sijatoa hata mia.

Ilianza ofisini. Saa nne chai imefika, maandazi yapo mezani, mimi nimeropoka tu kwamba nataka kumvisha binti pete kabla ya barua kwenda kwao, wee, kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema pete ya maana ni mishahara miwili, chini ya hapo unamdharau mtoto wa watu. Akalisema kwa ule uhakika wa mtu anayetaja kifungu cha Biblia. Nikarudi nyumbani sina raha, nikapiga hesabu, mishahara miwili ni milioni moja na laki mbili na zaidi, nikajiona mwizi. Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta hiyo sheria imetoka wapi, na kumbe haijatoka kwa babu zetu wala kwa wazungu wa zamani, imetoka kwenye matangazo ya De Beers, yaani wauza almasi wenyewe! Ndo walewale ambao mwaka 1947 walikuja na maneno kwamba almasi ni ya milele, halafu miaka ya 80 wakawa wanawauliza Wamarekani kwenye magazeti mshahara wa miezi miwili si kitu kidogo tu kwa kitu kinachodumu milele? Sasa muuza mbuzi akikwambia mbuzi mzuri ni wa mishahara miwili si utamcheka.

(Halafu cha kushangaza mwaka huohuo wa 1947 ndo jiwe la almasi la rangi ya waridi liliokotwa Mwadui kule Shinyanga, mgodi wa Williamson, akapewa Elizabeth zawadi ya harusi kabla hata hajawa Malkia, likakatwa likabaki karati 23.6. Huyo alipewa bure. Sisi wenye nchi tunapiga hesabu za mishahara.)

Basi nikaacha sheria ya ofisini nikachukua daftari. Nilikuwa na akiba ya milioni moja na laki nne na nusu. Kodi ya nyumba miezi sita ilikuwa inadaiwa mwezi unaofuata, elfu tisini mara sita, hiyo ni 540,000 na mwenye nyumba wangu hajui mambo ya mapenzi. Barua ya posa, wazee wawili na mshenga kutoka hapa mpaka Mpwapwa kwa kina binti, Noah ya kukodi, soda, bahasha ya ndani ya barua, nikaweka laki tatu. Ikabaki 610,000. Hiyo ndo ikawa pete. Sikuigusa mahari maana mahari ilikuwa bado haijatajwa, na kwetu Wagogo mahari hutajwa kwa ng'ombe hata kama ng'ombe wenyewe siku hizi wengi wanatembea kwenye karatasi, kwa hiyo pale lazima ujue kuna mlima mwingine mbele. Kuna jamaa alinishauri nikope kwenye simu nijazie. Nikamwambia bwana, nimvishe mtu pete halafu wale wa kausha damu waanze kumpigia mama mkwe wangu simu?

Sasa kupigwa. Naona aibu ila acha niseme. Kabla sijaenda kwa sonara niliona pete kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, picha kali, kiboksi chekundu, "gold 18K, elfu themanini, tunatuma mikoani". Elfu themanini! Nikasema Mungu si Athumani. Ikaja na basi, nikaichukua stendi, ndani imeandikwa kabisa 18K GP. Nikadhani GP ni jina la kampuni. Nikaivaa mwenyewe kidole kidogo siku tatu, sijui nilikuwa naifurahia au naipima, siku ya tatu niko kwenye bajaji natoka Kisasa kwenda mjini jua linawaka, naangalia mkono, kidole kina mstari wa kijani kama nimefungwa jani la mgomba.

Ndo nikaenda kwa sonara, mzee mmoja ana kibanda mitaa ya nyuma ya soko la Majengo, meza ndogo, taa moja, na mizani iliyofunikwa na kioo ili upepo usiisumbue. Mbukwa mzee, mbukwa, nikamwonyesha. Hakuniuliza hata nimenunua wapi. Akachukua kijiwe cheusi laini, akaisugua ile pete mpaka ikaacha mstari wa njano, akadondosha asidi tone moja. Mstari ukachemka, ukageuka kijani, ukapotea. Pembeni akasugua pete yake ya kidoleni, akadondosha ileile asidi, mstari ukabaki umekaa vilevile. "Hii yako imepakwa tu juu, mwanangu. Ndo hiyo GP. Chini ni shaba." Akanirudishia kwa adabu kabisa kama vile ni kitu cha thamani.

Pale nilikaa karibu saa nzima na ndo shule yenyewe. Kwanza alinikataza kuuliza "pete bei gani". Akasema uliza gramu moja bei gani leo, karati ngapi, na ufundi ni shilingi ngapi, vitu vitatu, maana ukiuliza pete bei gani utatajiwa bei ya sura yako. Dhahabu bei yake inapanda na kushuka kila siku kufuata soko la dunia, ufundi ni mkono wake yeye. Na siku ukiuza, dhahabu itapimwa utalipwa uzito wake, ufundi haurudi, na vijiwe vidogo navyo usivihesabie. Kwa hiyo pete yenye manakshi mengi na gramu kidogo ni hela nyingi ya ufundi, uamue mwenyewe.

Halafu karati. Hapa watu wengi tunachanganya kwa sababu neno ni moja. Karati ya dhahabu ni usafi, 24 ni dhahabu tupu ambayo kwa pete ni laini inajipinda, 18 ni asilimia 75 dhahabu na iliyobaki ni madini mengine ya kuikaza, ndani inagongwa 750. Ukikuta 375 ni karati 9, ukikuta 925 hiyo ni fedha, sio dhahabu hata kama inang'aa vipi. Karati ya jiwe ni kitu kingine kabisa, ni uzito, karati moja ni gramu 0.2. Kwa hiyo mtu akikwambia pete ya karati 18 usije ukaenda kumtangazia shemeji yako kwamba ina almasi inayokaribia ile ya Malkia.

Siku hiyo gramu ya karati 18 kwake ilikuwa laki mbili na arobaini. Nilikuwa nimeenda na picha ya pete nene, akaipima kwa macho akasema hiyo inakula gramu tatu na nusu, nikapiga hesabu kichwani nikanyamaza. Akaniangalia. "Una ngapi?" Nikamwambia ukweli, laki sita na sizidishi. Na kiukweli nilitegemea atanidharau, ila alichukua karatasi akaandika kuanzia chini kwenda juu: sita, toa ufundi elfu sitini, toa jiwe, kinachobaki gawa kwa bei ya gramu. Ikaja gramu mbili na kidogo, tukakubaliana gramu moja na pointi tisa ili nibaki na nauli.

Jiwe sasa. Mimi kichwani nilikuwa na tanzanaiti, maana ni yetu, inatoka Mererani tu dunia nzima, na ile bluu yake inamaliza maneno. Mzee akauliza, binti anafanya kazi gani? Nesi. Akatikisa kichwa. Akaniambia tanzanaiti ni jiwe la hereni na kidani, kwenye ugumu inacheza sita mpaka saba, na hili vumbi la Dodoma unalolifuta mezani kila asubuhi ndani yake kuna chembe za mchanga ambazo ugumu wake ni saba. Yaani vumbi letu linaikwaruza. Mtu wa ofisini mwenye kiyoyozi anaweza kuivaa akaitunza, ila mtu anayeosha mikono mara arobaini kwa siku, akirudi nyumbani anasonga ugali, baada ya miaka michache uso wa jiwe unakuwa kama kioo cha daladala. Hilo sikuwahi kulisikia popote na nilikaa nalo kichwani siku nzima, kila nikiona upepo unapita Nyerere Square na takataka zake nafikiria jiwe.

Zirkoni alikuwa nazo, zinameta kweli na ni rahisi, wengi wanazitangaza kama almasi. Almasi alikuwa nayo ndogo kama punje ya chumvi, bei yake nikaomba aifunike. Mwisho akatoa rubi, nyekundu, milimita mbili na nusu hivi, elfu arobaini. Rubi ugumu wake ni tisa, chini ya almasi tu, vumbi linapita linasalimia. Na mimi masikio yakasimama kwa sababu Winza, kule rubi zilikoibuka watu wakafurika mwaka 2008, ni Mpwapwa, kwa kina binti! Nikauliza kwa pupa, mzee hii ni ya Winza? Akacheka. "Mwanangu, jiwe halina kitambulisho cha NIDA. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakuuzia hadithi." Nikampenda zaidi pale. Nikaichukua hivyohivyo, na binti nilimwambia vilevile, kwamba inawezekana ni ya kwao na inawezekana sio.

Alichonisaidia kingine ni kulizamisha jiwe ndani ya pete badala ya kulisimamisha juu kwenye vimiguu, kwa sababu manesi wanavaa glovu na jiwe lililosimama linachana glovu. Mimi nisingewaza. Na akaniandikia risiti, gramu, karati, jiwe, tarehe. Dai risiti hata kama sonara ni mjomba wako.

Kipimo cha kidole nilimtumia shemeji, mdogo wake, huyu anashona shanga za kuuza chuoni UDOM, akamwambia dada yake njoo nikujaribishie kapete ka shanga, akampima na uzi, nikakapeleka kwa mzee akakapitisha kwenye kile kichuma chake chenye umbo kama karoti. Wote tukajiona wajanja sana.

Kumvisha kwenyewe sitaandika sana, ilikuwa nyumbani, alikuwa ametoka zamu ya usiku, alilia, mimi pia kidogo. Siku ya barua shangazi yake aliushika ule mkono, akaupindua kama anakagua nyanya sokoni, akasema "ya kwake haina makelele", na kwa shangazi yule hiyo ni shahada.

Mambo yakaharibika Novemba. Mnaokaa Dodoma mnajua Novemba, mvua inachungulia haiji, usiku unalala na feni na bado shuka limelowa. Asubuhi moja akaniita, "Baba njoo uone." Kidole kimevimba, pete imekaa, haisogei mbele wala nyuma. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, mimi nishaanza kuwaza wale wa kukata chuma. Yeye hata hakuhangaika, akachukua uzi kwenye kopo la kushonea, akapenyeza ncha chini ya pete, akazungusha ule uzi kwenye kidole kutoka kwenye pete mpaka juu ya kiungo, mzunguko umebanana na mzunguko, kidole kikawa chembamba kama kimefungwa bandeji, halafu akashika ile ncha ya chini akaanza kuufungua taratibu, na pete ikawa inapanda na uzi mzunguko kwa mzunguko mpaka ikatoka. Akaniambia wanafanya hivyo wodini kila siku.

Tukaenda nayo wote wawili kwa mzee. Akauliza tu, "Mlipima mwezi gani?" Nikasema Julai, asubuhi. Akamgeukia binti, sio mimi, akamwambia mama, Julai Dodoma na upepo ule hata mimi vidole vyangu ni vya mtoto, baridi inavibana, joto likija vinajaa, ukitaka kupima unapima mchana siku ya kawaida, tena mara mbili. Kwa kuwa ni pete isiyo na manakshi na jiwe ni moja limezama, aliweza kuitanua kwa kuigonga polepole kwenye ile karoti ya chuma upande usio na jiwe, dakika ishirini, elfu kumi, akaangalia jiwe kwa lenzi kama halijalegea. Zingekuwa vijiwe vimezunguka pete nzima hapo tungekuwa tunaongelea pete mpya.

Sasa hivi inaingia na kutoka vizuri. Mzee ametuonya Julai itapwaya kidogo, na binti ameshasema atazungushia uzi kwa ndani, uzi wa shanga wa mdogo wake, upo umebaki.