Siku tano za mwisho na kete saba za ami

Zilipobaki siku tano kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha sita, niligundua kwamba sehemu ya serikali na katiba katika somo la Maarifa ya Jumla, niliyokuwa nikiihesabu kuwa nyepesi kwa sababu haina fomula wala ramani, sikuwa nikiifahamu. Nilikuwa nikikaa dahalia katika skuli moja ya Pemba, na karatasi hiyo ndiyo iliyopangwa kuwa ya mwanzo, asubuhi ya Jumatatu. Miezi yote iliyotangulia nilikuwa nimeishughulikia Historia, Jiografia na Kiswahili, na somo hili kila mara nikaliahirisha.

Nilichokuwa nacho ni bunda la fotokopi ambalo lilikuwa likirithiwa kutoka darasa hadi darasa, bila ya mtu kujua aliyeliandika. Lilikuwa limepigwa kopi juu ya kopi hata herufi za mwisho wa mistari zimekatika. Usiku wa Jumatano nilikuwa nikilikariri kwa sauti ya chini, na mwenzangu wa kitanda cha juu akanikatiza kwa kuuliza: ikiwa Rais wa Zanzibar ndiye Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, kama nilivyokuwa nikisoma, basi wagombea urais wanatafuta wagombea wenza wa nini? Sikuwa na jibu. Tuliyafungua madaftari yetu yote mawili na kwa shida tukaipata sababu: utaratibu huo uliondolewa na Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba ya mwaka 1994, na tangu uchaguzi wa 1995 Makamu huchaguliwa pamoja na Rais kwa kura moja. Fotokopi yangu ilikuwa imeandikwa kabla ya hapo. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa kwa pamoja kwa Bara na Zanzibar, ni 11, idadi iliyokuwa sahihi mwaka 1964, ilhali Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya sasa inayataja 22.

Usiku ule nilipata hofu ya kweli, kwa sababu sikujua ni mistari mingapi mingine niliyokuwa nimeimeza ikiwa na makosa ya aina hiyo. Asubuhi yake nilifanya uamuzi ambao wenzangu waliuona wa hatari: niliiweka fotokopi chini ya godoro, nikaenda maktaba kuazima Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, zote kwa Kiswahili. Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana wengi waliniambia kuwa ninapoteza wakati. Lakini nilikuwa nimechoka kukariri sentensi za Kiingereza ambazo nisingeweza kumweleza hata mdogo wangu maana yake. Nilitaka kwanza nielewe kwa lugha ninayoifikiria, kisha ndipo nihamishe.

Kusoma katiba peke yako, hata hivyo, si kazi rahisi. Siku nzima ya Alkhamisi nilizunguka katika ibara, na kila nikimaliza moja ile iliyotangulia huwa imeshanitoka. Ijumaa baada ya sala niliomba ruhusa, nikaenda Wete kwa ami yangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimkuta barazani, bao liko mbele yake na mwenzake wa kucheza ameshaondoka kwa kuogopa mvua.

Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunihutubia. Aliniambia, "Mwanangu, soma ibara ya 4, polepole, na kila ukifika penye neno 'viwili' usimame." Ibara hiyo ya Katiba ya Muungano inasema kwamba shughuli za mamlaka ya nchi zitatekelezwa na vyombo viwili vyenye mamlaka ya utendaji, vyombo viwili vya utoaji haki, na vyombo viwili vya kutunga sheria. Nilisimama mara tatu, na kila mara ami alichota kete mbili kwenye shimo la bao na kuziweka juu ya jamvi, zikitazamana. Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mahakama za Muungano na za Zanzibar. Bunge na Baraza la Wawakilishi. Kisha akachukua kete ya saba, akaiweka peke yake juu ya zile mbili za mahakama. "Hii ni Mahakama ya Rufani," alisema. "Hii haina pacha."

Nikamuuliza kama basi kila kesi ya Zanzibar inaweza kupanda mpaka hapo. Akatikisa kichwa. Kesi iliyoanzia kwa Kadhi, ya mirathi kwa mfano, humalizikia Zanzibar kwenyewe, na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar nayo haiendi huko. Alilijua hilo kwa sababu majalada hayo alikuwa akiyashughulikia kwa mikono yake.

Kuanzia hapo kila nilichokisoma kilikuwa na pa kukaa. Ibara ya 54 inayomfanya Rais wa Zanzibar kuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano niliiona kama uzi unaounganisha kete mbili za utendaji, na wajumbe watano ambao Baraza la Wawakilishi huwachagua kuingia Bungeni wakawa uzi mwingine. Ibara ya 98, ambayo ilikuwa imenishinda kabisa, ilifunguka yenyewe. Baadhi ya mambo hayabadilishwi kwa theluthi mbili ya Wabunge wote kwa ujumla, bali kwa theluthi mbili ya Wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa mbali. Pasipo sharti hilo upande wenye Wabunge wengi ungeweza kuamua kila kitu peke yake, na nadhani mwanafunzi akishaliona hilo hana haja ya kukariri chochote kuhusu ibara hiyo.

Jumamosi niliitumia kuandika. Insha ya kwanza, kuhusu mgawanyo wa madaraka, ilinichukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu nilitaka kusema yote niliyoyajua. Ya pili nilijipa dakika 40 na nikajilazimisha kila aya iwe na chombo kimoja, kazi yake na kinachokidhibiti. Ya tatu ilihusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa: kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar, na Makamu wawili wa Rais yaliyowaleta. Hapo niliandika kwa Kiingereza tangu mwanzo, na nikashangaa kuona maneno yanakuja. Mada za falsafa na sayansi niliziangalia jioni moja tu. Nilijua kuwa zitanipunguzia alama, nikakubali.

Jumatatu, kabla ya kujibu chochote, nilichora nukta saba kwenye karatasi ya rafu, sita zikiwa jozi na moja juu yake. Nilizirejea kila nilipobabaika, na swali la mihimili ya dola nikalijibu nikiwa nimetulia. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu somo hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa Jiografia ndiyo niliyoitaabikia mwaka mzima.

Kabla sijaondoka dahalia niliitoa ile fotokopi chini ya godoro. Nilipiga mstari mwekundu juu ya sentensi ya Makamu wa Rais, nikaandika pembeni "iliondolewa 1994", nikasahihisha 11 kuwa 22, na nyuma ya ukurasa wa mwisho nikachora kete saba na jina la kila moja. Kisha nikamkabidhi binti wa kidato cha tano aliyekuwa akihamia kitanda changu.