Kabla Gari Jeusi Halijafika

Mimi ni msomaji wa simulizi za kifalme na sifichi. Hizi za kwenye simu, zinazotumwa vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, halafu ukitaka kuendelea unatuma buku kwenye namba ya mtunzi. Mwanamfalme yuko kwenye kasri lenye ngazi za marumaru. Binti yuko nyumba ya kupanga, baba kakopa asichoweza kulipa, mama anasubiri upasuaji. Unaletwa mkataba wa ndoa ya mwaka mmoja. Binti anasaini.

Ni hapo kwenye kusaini ndipo nina neno.

Watunzi wetu wanapapita mbio mno. Sehemu ya tatu kalamu imeshikwa, sehemu ya nne gari jeusi limeshafika mlangoni, na kuanzia hapo kazi yetu wasomaji ni kusubiri mwanamfalme alainike moyo. Baba aliyekopa haonekani tena. Akirudi, ni kwenye harusi ya kweli, kavaa suti, anafuta machozi ya furaha. Hakuna anayemuuliza kitu. Mapenzi yameingia, basi deni limefutika, na kule kutolewa nyumbani kama dhamana kunageuka kuwa bahati ya binti.

Nipo Tabora, na huku jambo hili halihitaji kasri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa mkoa wetu wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaipeleka mahakamani, akashinda mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na ushindi ule. Kwenye ndoa za namna hiyo hakuna hata ile kalamu ya kwenye simulizi. Wanaoridhia ni wengine.

Dada yangu mkubwa hakuozwa kwa deni. Yeye alitoa kingine. Baba alipofariki sisi tulikuwa wadogo, mama mgonjwa, na dada alikuwa na mchumba wake, fundi wa reli, barua ya posa imeshaletwa na kujibiwa. Akaomba asubiriwe kidogo. Yule kaka alisubiri kwa uungwana kabisa, kisha kazi ikamhamishia Morogoro, akaoa huko. Hakuna aliyemlazimisha dada, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: hakuna aliyemzuia pia, maana sote tulikuwa tunakula. Sare yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye vitumbua vyake.

Mpaka leo anavikaanga pale Isevya, alfajiri. Na yeye ndiye aliyenitia kwenye simulizi hizi. Simu anaiweka ndani ya mfuko wa nailoni isirukiwe na mafuta, anapekua kwa kidole kupitia nailoni hiyohiyo, ananisomea kwa sauti. Siku moja tulipofika binti anaposaini nikamuuliza, dada, ungekuwa wewe? Alichukua spoki yake ya baiskeli akageuza vitumbua vyote kwanza, kimoja kimoja. Ndipo akasema, "Ningesaini. Ila ningetaka mtu aniulize kwanza."

Kuna watakaosema hizi ni hadithi tu, wafalme wa kweli wana maisha yao. Haya, twende Japani. Mako, mjukuu wa Akihito aliyekuwa mfalme wakati huo, alitangaza uchumba na Kei Komuro mwaka 2017, kijana asiye wa ukoo wa kifalme. Harusi ikaahirishwa baada ya magazeti kuandika juu ya mgogoro wa fedha wa mama yake Kei. Deni la mzazi, tena! Walifunga ndoa Oktoba 2021 bila sherehe za jadi, na Mako akakataa mamilioni ya yeni anayopewa binti wa kifalme anapoolewa nje. Kwa sheria yao ya mwaka 1947, mwanamke wa ukoo akiolewa na mtu wa kawaida anavuliwa hadhi yake. Mwanamume akioa mtu wa kawaida anabaki nayo. Wakahamia New York. Kabla ya ndoa, ikulu ilikuwa imetangaza kwamba maneno ya watu yalikuwa yamemwachia Mako ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe. Hapo pana simulizi nzima, na mwenye kutoa kila kitu ni bintimfalme mwenyewe. Mbona hatumwandiki?

Ninyi mnaotunga, nawaomba sehemu moja tu ya ziada, kabla gari jeusi halijafika. Mkalisheni baba sebuleni. Binti amuulize zile hela alizikopa za nini na alimtaja nani kama dhamana. Na wadogo zake wawepo hapo, wale watakaosomeshwa na mkataba ule, wasikie jibu. Kwa sehemu hiyo natuma buku mbili, moja yangu na moja ya dada.