Mpaka Sitini

Jumapili iliyopita tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka nje, na kijana aliyemtafsiria alikuwa hodari kuliko mgeni mwenyewe. Mgeni akitoa neno moja, yeye anatoa matatu. Kanisa linacheka, linapiga makofi. Binti yangu, ambaye Kiingereza chake kimeshampita baba yake, akaniinamia sikioni: "Baba, mbona hajasema hivyo?"

Nikamwambia anyamaze asikilize neno. Mimi mwenyewe neno sikulisikia tena. Nilikuwa nimesharudi 1993, kwenye lile kanisa letu la mabati nyuma ya Tazara, na Mchungaji ananiita kwa kidole nipande mimbarini.

Sasa, Mchungaji hakuwa mtu wa kutafsiriwa. Alikuja nchini 1971, Kiswahili akasomea Morogoro, kikamkaa. Alikuwa akibishana bei na wauza samaki wa Feri, na akikosea ngeli anajirekebisha kabla hujapata nafasi ya kucheka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wageni wake, wale wa kuja Julai na kamera. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilipenda mno kusimama pale mbele, tusidanganyane. Kwa hiyo aliponiita siku ile, siku isiyo na mgeni yeyote, niligeuka nyuma nione anaitwa nani.

Ilikuwa imepita miezi minane tangu ampeleke mkewe kwao Minnesota kutibiwa, akarudi peke yake. Tulikwenda kumpa pole, tukaimba, tukanywa chai yake. Tukamkuta yuko sawa tu, anauliza watoto wa nani wamefaulu. Tukasema wamisionari bwana, wana imani. Tukaendelea na mambo yetu.

Alianza kwa kusoma Zaburi ya 88, kwa Kiswahili. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni, mwenye kulia akafuta machozi akasifu. Hii haigeuki. Inaishia gizani. Akaifunga Biblia, akahamia Kiingereza.

Lilikuwa joto lile la Februari, mabati yanalia juu yetu kama mtu anakanyaga makopo. Sentensi za mwanzo zilikuwa nyepesi: salamu, shukrani, mvumilie sauti yangu. Kisha akasema jambo ambalo leo, kwa mara ya kwanza, nitalitafsiri sawasawa:

"Tangu nimzike mke wangu sijaomba. Mnaponiona nimefumba macho hapa mbele, sisemi na yeyote. Nahesabu. Nikifika sitini nasema Amina."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayekutajia namba ya nyumba. Akageuka kwangu, akasubiri.

Mstari wa mbele wazee wa kanisa wamekaa, mikono magotini. Mama mmoja wa kwaya anampepea mtoto kwa bahasha ya sadaka. Wote wananitazama mdomoni. Na msifikiri maneno yalinipiga chenga. Nilikuwa nayo yote. Kuhesabu ni kuhesabu tu, hata mtoto wa chekechea angelitafsiri. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu kwenye spika:

"Mchungaji anasema, katika kipindi hiki kigumu, maombi yenu ndiyo yaliyomshikilia."

"Amina!" Kanisa zima. Nyuma kule kigelegele kikapigwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba anajua Kiswahili.

Sikuthubutu kumtazama usoni, nikamtazama kola. Ilikuwa na njano kwenye mkunjo, jambo ambalo enzi za Mama Mchungaji lisingetokea. Midomo yake ikacheza kidogo, vile alivyokuwa akifanya anapotaka kurekebisha ngeli. Ikatulia. Akasema, kwa Kiswahili, "Tuombe."

Yeye akafumba macho. Mimi sikufumba. Nilihesabu. Kulikuwa na inzi anatembea ukingoni mwa Biblia, nikawa nahesabu nikimfuata. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Amina haikuja. Sabini. Mzee mmoja akakohoa. Themanini, tisini. Jasho lilimtoka Mchungaji nyuma ya sikio, likashuka likaingia kwenye ile kola, na yeye yuko kimya vilevile. Nikavuka mia, nikapotea. Kama siku ile aliomba, au naye hesabu ilimpotea, au alikuwa ananichapa mbele za watu kwa namna yake, sijui. Mwishowe mpiga kinanda akajiamulia, akaanzisha wimbo.

Nilisifiwa sana siku ile. Na kwa wiki kadhaa akina mama walipishana mlangoni kwake na mabakuli ya wali na samaki wa nazi, na kila Alhamisi wakafanya maombi sebuleni kwake, yote kwa sababu ya sentensi ambayo hakuisema. Ningelisema lile alilolisema, nadhani kingeanza kikao cha wazee. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Kuna siku inatosha.

Jioni alinipa lifti kwenye Land Rover yake. Tukakwama makutano ya Tazara, Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na daraja la juu la Mfugale hata kwenye ndoto halikuwepo.

"Krapf unamjua?" akaniuliza.

"Yule mmisionari wa Mombasa."

"Alifika 1844. Mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka huohuo akazika mke na mtoto mchanga. Vitabuni wanayaweka kwenye sentensi moja." Akanyamaza. "Moja tu, mwanangu."

Nikasema, "Mchungaji, naomba unisamehe."

"Kwa lipi? Umetafsiri vizuri."

Nikamgeukia nione kama ni utani au hasira, lakini trafiki alikuwa amenyoosha mkono na daladala ya nyuma imelalia honi. Akaingiza gia.

Jumapili hii iliyopita, tukitoka kanisani, binti yangu hakuwa ameliacha. "Sasa Baba, kama yule mgeni anajua Kiswahili je?"

Nikamwambia afunge mkanda.